Msituambie tuondoe siasa kwa sanaa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua nijibu maneno ambayo nimeyasikia sana hapa Nakuru tangu ile tamasha ya drama ya shule ya 2025, ile wasichana wa Butere walitaka kuzuiwa wasicheze mchezo wao, kwa matatu, kwa kinyozi, hata nje ya kanisa baada ya ibada, ati sanaa ni ya kuburudisha watu na siasa tuwaachie wanasiasa, na mtoto wa shule akipewa mchezo wenye maswali basi ametumiwa vibaya na watu wazima. Mimi nachapisha tisheti na mabango hapa Bondeni, ndiyo kazi inanilisha na kulipia watoto karo, na nasema bila kuogopa kwamba hii nchi haijawahi kuwa na siasa ya kudai mabadiliko ambayo haikupitia kwa karatasi, kwa wino, kwa wimbo ama kwa jukwaa. Serikali zilizopita zote zilijua hivyo vizuri sana, ni sisi wananchi tumesahau.

Wacha nianze na kile nafanya kwa mikono. Wakati wa kampeni ajenti wa mheshimiwa anakuja na flash disk, ndani kuna sura ya mheshimiwa na rangi ya chama, anataka tisheti elfu mbili kesho kutwa, sisi tunalala hapo. Kwa wale hawajawahi kuona, unachukua fremu ya mbao yenye kitambaa kimevutwa kikakaza kabisa, unakipaka dawa pahali hakuna mwanga, ikikauka unaweka mchoro juu yake unawasha taa kali, alafu unaosha na maji na pale mchoro ulikuwa umeziba mwanga dawa inatoka, inabaki tundu za kupitisha wino. Ukishafika hapo ni kulaza tisheti, kumwaga wino na kuvuta na raba mara moja bila kusita, manake ukisita herufi zinatapakaa. Hakuna stima ya maana inahitajika, hakuna mashine ya mamilioni, watu wawili na meza moja wanaweza kuvalisha uwanja mzima. Sasa Juni 2024, wakati wa maandamano, vijana walikuja kwa hiyo meza wakiwa wamechangishana kwa M-Pesa, tisheti chache tu, maneno ya kukataa Mswada wa Fedha, na baadaye wakarudi wakitaka majina ya wenzao waliouawa, na fremu ilikuwa ileile na wino uleule na mimi ni yuleyule, lakini hiyo mara akaja mtu nisiyemjua akasimama mlangoni akaniuliza nani ameagiza hizi, amelipa na namba gani ya simu, una risiti? Miaka yote nimechapia vyama, vile vilivyo serikalini na vile vya upinzani, hakuna siku nimeulizwa risiti ya tisheti ya mheshimiwa. Kwa hivyo mtu akiniambia niondoe siasa kwa kazi yangu namuuliza ni siasa ya nani anataka niondoe, manake ile inayolipa vizuri hakuna mtu amewahi kulalamikia.

Na hapa Nakuru hatufai kushangaa. Watu wengi wa huu mji hawajui kwamba mbunge wetu wa kwanza wa Nakuru Town baada ya uchaguzi wa 1963, tukiingia uhuru, alikuwa mtu wa gazeti. Achieng Oneko alitoka Nyanza, na ndiye alianzisha gazeti la Ramogi la Kijaluo miaka ya 1940. Nyuma ya hilo gazeti kulikuwa na mtambo, Ramogi Press, na nyuma ya mtambo kulikuwa na Jaramogi Oginga Odinga na shirika lao la Luo Thrift and Trading, wakichanga pesa kidogo kidogo kutoka kwa watu wa Nyanza ili Mwafrika awe na pahali pake pa kuchapisha bila kubembeleza mzungu. Na hapo kwa Ramogi Press hawakuchapisha Kijaluo pekee, magazeti ya jamii zingine yalipitia hapohapo. Hebu fikiria hiyo, wakati mkoloni anataka kila kabila liongee peke yake kwa lugha yake, maneno ya kabila tofauti yanapakwa wino mmoja kwa chumba kimoja na watu wanaosikilizana. Alafu 1963 mji wa reli, mji wa Bonde la Ufa uliojaa wafanyikazi wa kila pembe ya nchi, unachagua mtu wa Nyanza kuwa mbunge na hakuna anayeona ajabu. Mimi siamini hayo mambo mawili hayahusiani. Oneko akafanywa Waziri wa Habari na Utangazaji, akajiuzulu 1966 kufuata Jaramogi kwa chama cha upinzani cha KPU, na 1969 akawekwa kizuizini hadi 1975. Nimezaliwa hapa nikasomea hapa, na shuleni hakuna mwalimu aliwahi kutuambia hii hadithi, nimeipata ukubwani kwa kusoma mwenyewe.

Ukiangalia wale sita wa Kapenguria, waliokamatwa Oktoba 1952 na kushtakiwa kwamba wanaongoza Mau Mau, si Oneko tu. Kenyatta alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania tangu 1928. Bildad Kaggia naye alikuwa na gazeti lake. Yaani mkoloni alipokaa chini akaandika orodha ya watu hatari kabisa Kenya nzima, wahariri walikuwa hapo juu. Na kabla yao kulikuwa na Makhan Singh, kijana wa Kisikhi ambaye babake alikuwa na kiwanda cha kuchapisha Nairobi na yeye akafanya kazi hapohapo, mwaka wa 1935 akaanzisha chama cha wafanyikazi cha Labour Trade Union, Aprili 1950 akasimama mbele ya watu Kaloleni akadai uhuru sasa hivi kwa Afrika Mashariki yote, na mwezi uliofuata wakamshika, wakamtoa 1961. Miaka kumi na moja. Sidhani ni bahati tu kwamba aliyethubutu kusema hivyo mapema ni mtu aliyelelewa kwa chumba cha uchapishaji, pahali ambapo matangazo ya wafanyikazi, kadi za harusi na bili za dukani zote zinapita mkononi mwako na unaanza kuona mji unaendeshwa vipi, nani analipa na nani analipishwa. Alafu kuna Pio Gama Pinto, ambaye kwangu mimi ndiye mkubwa wao wote. Huyu tukishapata uhuru aliona vizuri kwamba bendera bila gazeti haitamfikisha maskini popote, akajenga Pan African Press, wakatoa Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Walimpiga risasi nje ya nyumba yake Nairobi tarehe 24 Februari 1965 akiwa na miaka 37, mtoto wake akiwa kwa gari. Nyanza Times sijawahi kuipata hata nakala moja ya kushika, na nimeuliza watu wengi.

Wasomaji wa Kiswahili nao wanamjua Abdilatif Abdalla kama mshairi, lakini kilichompeleka jela hakikuwa shairi. Ilikuwa kikaratasi cha 1968, Kenya: Twendapi?, alichokiandika kwa sababu aliona vile KPU ilikuwa inafinywa, na kwa hicho kikaratasi, ambacho unaweza kukisoma ukisubiri chai ipoe, kijana wa miaka 22 alifungwa miaka mitatu. Huko ndani akatunga mashairi kwa karatasi za choo. Mashairi yakatoka kitabu 1973, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya fasihi yenye jina la rais yuleyule aliyekuwa madarakani wakati anafungwa. Mimi nikisoma hiyo nashikwa na uchungu, manake inaonyesha walijua kabisa kwamba ni kazi nzuri. Na Kisumu wanajua bei ya huo mwaka wa 1969 kuliko mtu yeyote: waziri Tom Mboya ameuawa Julai, tarehe 25 Oktoba Kenyatta amekuja kufungua hospitali ya Russia, risasi zikapigwa watu wakafa barabarani, siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na viongozi wake wakafungiwa. Magazeti ya chama yakaisha, mikutano ikaisha. Lakini watu hawakunyamaza, walihamia kwa muziki wa benga. D.O. Misiani na Shirati Jazz walikuwa wanaimba kwa mafumbo, hadithi za wanyama na za watu wa zamani, na kila mtu kwa baa ya Kisumu ama Migori anajua ni nani anaongelewa, santuri inachezwa tena na tena kama mtu anayerudia kusoma barua. Alikamatwa zaidi ya mara moja kwa ajili ya hizo nyimbo. Sasa wewe unaniambia mwanamuziki aburudishe tu.

Kitu kingine ambacho watu hawaoni, kwa sababu hawafanyi hii kazi, ni kwamba kuzuia mawazo si lazima umfunge mwandishi. Inatosha kumtisha fundi. Mwaka wa 1993 polisi waliingia Fotoform, kiwanda kule Nairobi kilichokuwa kinachapisha majarida ya kukosoa serikali, wakang'oa sehemu za mashine ili isifanye kazi. Walijua mwandishi akifungwa mwingine ataandika lakini mashine ikinyamaza wote wamenyamaza. Sheria ya uchochezi tuliiondoa 1997 kwa ile mapatano ya IPPG, ya wabunge wa serikali na wa upinzani, tukafurahi, na baada ya miaka mitano tu, 2002, Bunge likapitisha kwamba dhamana ya mtu anayetaka kutoa gazeti iruke kutoka shilingi 10,000 hadi 1,000,000, na hata yule anauza kando ya barabara anaweza kushtakiwa akipatikana na gazeti ambalo halijalipiwa. Hakuna aliyepigwa rungu hapo, hakuna picha ya kuweka ukurasa wa mbele, lakini niambieni ni kijana gani wa Kaptembwo ama wa Nyalenda ana milioni moja ya kuweka dhamana ndio aandike kuhusu maji taka ya mtaa wake. Hiyo ndiyo njia safi kabisa ya kuua magazeti ya watu wadogo.

Nje ya Kenya ni hivyohivyo. Paris Mei 1968 wanafunzi waliteka chuo cha sanaa wakageuza madarasa kuwa karakana ya mabango ya skrini, kazi ileile yangu. Lakini wale ninaowaheshimu zaidi ni Medu, wasanii waliotoroka makaburu wakakaa Gaborone, wakichora na kuchapisha mabango ambayo yalivushwa mpaka kwa siri yakabandikwa mitaani Afrika Kusini, na walikuwa wanafundisha watu kutengeneza mabango yao wenyewe bila mashine ya bei. Tarehe 14 Juni 1985 jeshi la makaburu lilivuka mpaka usiku likaua watu kumi na wawili hapo Gaborone, na mmoja wao ni Thami Mnyele, mchoraji. Jeshi zima linavuka mpaka wa nchi na mchoraji yuko kwa orodha. Nawauliza wale wanasema michoro ni mapambo, hao makaburu walikuwa wanaogopa nini?

Sasa turudi kwa wasichana wa Butere. Hawa ni watoto wa shule kutoka Kaunti ya Kakamega, mchezo wao ulikuwa juu ya nchi ya kubuni ambayo vijana na watawala hawaelewani, ukaondolewa kwa mashindano, watu wakaenda kortini, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe wapande jukwaani. Wakaja hapa Nakuru. Aliyeuandika na kuwafundisha, Cleophas Malala, akakamatwa kabla hajawafikia, waandishi wa habari wakafukuzwa, vitoa machozi vikarushwa karibu na shule ya Kirobon, na asubuhi ya tarehe 10 Aprili wale wasichana wakapanda jukwaani bila mwalimu wao, bila vifaa vyao, hata bila watazamaji, wakaimba wimbo wa taifa wakatoka. Najua wengi wanasema Malala ni mwanasiasa na ana yake, sawa, hata mimi sijawahi kumpigia debe. Lakini mchezo ni wa wale walioushika kichwani miezi yote hiyo wakaufanyia mazoezi, na 2013 shule hiyohiyo ilifungiwa mchezo mwingine na korti hiyohiyo ikasema warudishiwe jukwaa, kwa hivyo hii si ajali ya siku moja. Kamirithu kule Limuru 1977 wakulima na wafanyikazi walicheza wiki chache tu, leseni ikaondolewa, mwandishi Ngugi wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya mwaka, na 1982 ukumbi wao waliojenga wenyewe ukabomolewa. Nataka watu wa Nakuru wakumbuke kwamba safari hii ilitokea kwetu. Wageni walikuwa wetu, na sisi wenyeji tulikaa kimya tukitazama kwa simu.

Kuna wale watasema siku hizi kila kitu kiko kwa simu, karatasi imekufa. Wapite pale muuza magazeti hukaa hapa mjini saa mbili asubuhi, waone vile watu wameinama juu ya vichwa vya habari vimetandazwa chini, mwingine analipa shilingi kumi asome kurasa mbili arudishe, mjadala unaanza hapo hapo kati ya mtu wa boda, mwalimu na mama wa mboga, na hakuna aliyewajua wenzake dakika tano zilizopita. Ama wasome maandishi nyuma ya boda za Kondele kule Kisumu na kwa mabodi ya matatu. Mabango ya Juni 2024 mengi yalikuwa ya maboksi, yale ya mafuta na sabuni, yamekatwa na kuandikwa na kalamu ya maka, na ndiyo yalipigwa picha yakafika kwa simu zetu. Simu ilisambaza tu, aliyeshika kalamu ni mtu.

Lakini siwezi kulaumu serikali pekee. Sisi wa hii kazi tumezoea vibaya. Wako wanamuziki wanaimbia mheshimiwa leo na mpinzani wake kesho, bora bahasha. Baada ya vita vya uchaguzi vya 2007 na 2008 kuta nyingi zilichorwa ujumbe wa amani, na ule wa kwanza ulitoka rohoni, mtu kama Solo 7 kule Kibera alikuwa anaandika amani kwa mlango wa jirani ndio usichomwe, hiyo ni kazi ya ujasiri na namheshimu. Zile zilizofuata zililipiwa na mashirika, mikono ya rangi tofauti imeshikana, njiwa, basi, hakuna hata moja ilithubutu kuuliza shamba ni la nani na nani alilipa vijana kuchoma. Amani ya namna hiyo inatuambia tunyamaze tu, na sisi tukachukua pesa tukachora.

Ninachoomba ni vitu vya kufanyika. Serikali ya kaunti ya Nakuru, kwa vile tulifanywa jiji Desemba 2021, ifungue kumbi za kijamii kama Menengai hapa Bondeni kwa vikundi vya mchezo na muziki kwa ada ambayo kijana anaweza kulipa, bila kwanza kutaka kusoma maandishi ya mchezo. Wabunge wetu na wa Kisumu waiangalie upya hiyo dhamana ya milioni moja. Wenzangu wa skrini na mabango tuwe na umoja wetu hapa mjini, ili mtu akiulizwa risiti asimame na wenzake na wakili, asibaki peke yake mlangoni akitetemeka.

Na wewe msomaji, iwe uko Nakuru, Kisumu, Kakamega ama Siaya, angalia kwa boksi chini ya kitanda cha babu, angalia kwa dari. Kama kuna Ramogi ya zamani, Nyanza Times, kadi ya KPU, programu ya mchezo uliofungiwa, santuri ya Misiani, hata lile bango la boksi la Juni 2024 ambalo mtoto wako alileta nyumbani, tafadhali usiuze kwa kilo wala usipatie butcha afungie nyama. Peleka maktaba ya taifa tawi lililo karibu uombe wapige picha, ama museum ya Kisumu, na wakikataa niandikie kupitia kwa mhariri, mimi nina skana hapa kwa duka na sitakulipisha.

Fundi wa skrini,
Bondeni, Nakuru